Data Ilikuwemo, Wenyewe Hawakuiona

Mnamo tarehe 3 Februari 2023, wataalamu wa usalama wa mitandao wa serikali ya Ufaransa walitoa ilani kwamba seva zinazoendeshwa kwa programu ya VMware ESXi zilikuwa zikivamiwa. Katika muda wa siku chache, seva zaidi ya 3,800 duniani zilikuwa zimetekwa, zikiwemo za vyuo vikuu kadhaa vya Marekani na Ulaya. Wavamizi walidai fidia ya takriban bitcoin 2. La kuudhi ni kwamba ufa unaoaminiwa kuwapitisha ulikuwa umetolewa kiraka tangu Februari 2021. Lakini uzembe huo tuuache. Mintarafu ya elimu, liko jambo zito zaidi.

Seva moja ya aina hii hubeba mashine pepe nyingi, yaani tarakilishi zisizo na umbo, na kila moja hujiona ina diski yake. Diski hiyo, kwa hakika, ni faili tu. Aghalabu faili huwa mbili: kubwa, iliyobeba data yote, na nyingine ndogo ya maandishi, inayoeleza ukubwa na mpangilio wa ile kubwa. Hii ndogo ni mfano wa cheti kilichobandikwa mlangoni pa ghala. Kikichanwa, mlinzi hafungui mlango, ijapokuwa mahindi yamo ndani tele.

Ndivyo ilivyotokea. Wavamizi walizifumba faili ndogo. Zile kubwa, mara nyingi, zilisalia zilivyokuwa. Msimamizi aliyetazama kioo cha usimamizi pekee aliona mashine zake zote zimekufa. Yule aliyeingia katika hifadhi, akaorodhesha faili na kuupima ukubwa wa kila moja, aligundua kwamba mali yake ingalimo. Watafiti wawili wa Uturuki, Enes Sonmez na Ahmet Aykac, walionyesha jinsi ya kukiandika cheti upya kutokana na ghala lenyewe. Tarehe 7 Februari, shirika la CISA la Marekani likatoa skripti, yaani programu fupi ya amri zinazofuatana, iliyoifanya kazi hiyo.

CISA lilitahadharisha kwamba skripti hiyo isomwe na kueleweka kabla ya kutumiwa. Je, ni wasimamizi wangapi wa maabara zetu wangeweza kuisoma? Asiyeweza alikuwa na njia mbili: kulipa, au kuiendesha kwa kubahatisha. Na muda haukuwa mwingi. Punde baadaye wavamizi walibadili mbinu, wakafumba sehemu kubwa zaidi ya zile faili kubwa, na skripti ile ikapungukiwa nguvu.

Hapa Kenya, kozi ya uandishi wa programu iliidhinishwa mwaka 2022 kwa shule za msingi na za upili. Ni hatua njema. Hata hivyo, nahofia tutawafundisha vijana kuchora katuni zinazoruka kiooni, huku hifadhi iliyo chini ya kioo ikibaki fumbo. (Katuni zina raha yake, sikatai.)

Mwalimu aliye na tarakilishi moja anaweza kuanza na VirtualBox, isiyohitaji malipo. Na aunde diski pepe tatu za aina inayokua, kila moja ikitangazwa kuwa ya gigabaiti 100, juu ya diski halisi yenye nafasi ya gigabaiti 200. Hakuna kitakacholalamika, kwa kuwa mwanzoni kila faili ni ndogo mno. Kisha wanafunzi waandike skripti inayopita katika kila faili, ijumlishe ukubwa uliotangazwa, ijumlishe nafasi iliyokwisha kuliwa, na ilinganishe yote mawili na nafasi iliyosalia. Wataona kwa macho yao gigabaiti 300 zilizoahidiwa mahali penye 200, na wataweza kukisia ni wiki ipi mashine hizo zitakwama.