Majani si takataka: tuwaulize wakata nyasi wetu wanayapeleka wapi

Kila ifikapo Oktoba, Toronto hubadilika rangi. Tunapiga picha za miti, tunazituma Dar, Mombasa na Unguja, na jamaa wanatujibu kwamba tunaishi peponi. Wiki tatu baadaye majani yale yale tunayaita takataka na kumlipa mtu aje ayaondoe. Mwezi Mei tunakwenda dukani kununua mifuko ya udongo mweusi, ambao huenda ndani yake mna majani na magome ya miti ya watu wengine yaliyokwisha kuoza. Ndugu wasomaji, tunalipa mara mbili kwa kitu kimoja, halafu tunalalamika kwamba maisha ya huku ni ghali.

Tunaliandika hili katika kurasa zetu kwa sababu ni jambo la nyumbani kwetu. Wapo miongoni mwetu wanaojipatia riziki kwa pikapu, mashine ya kukata nyasi na reki. Wapo pia waliojaliwa kununua nyumba Scarborough, Etobicoke au Brampton, nao huwaita hao hao kuja kusafisha bustani. Mwenye kazi ni wetu na mteja ni wetu. Basi tusitafute wa kumlaumu nje ya jamii.

Siku hizi kila kampuni ya bustani, iwe yetu au ya wengine, inajiita ya kijani. Jani limechorwa mlangoni mwa gari, na kwenye karatasi ya bei yameandikwa maneno matamu kuhusu mazingira. Sisi tuna swali moja tu: pikapu ikishajaa, inakwenda wapi? Yuko anayeipeleka kwenye kituo cha jiji, kama vile Ingram au Bermondsey, akalipia mzigo wake na kupewa risiti. Huyo tunamvulia kofia. Yuko anayetia majani kwenye mifuko ya karatasi na kuiacha mbele ya nyumba ya mteja, ambako gari la jiji huichukua kila baada ya wiki mbili kuanzia Machi hadi Desemba, ikapelekwa kutengenezwa mboji. Huyo naye hana kosa. Lakini yuko wa tatu, anayeshindilia kila kitu ndani ya mifuko myeusi ya plastiki na kuichanganya na taka za kawaida, au anayesubiri jioni akamwage mzigo kwenye mabonde ya mto Don na Humber. Huyo wa tatu ndiye mwenye bei ya chini kuliko wote, na ndiye tunayempa kazi.

Tujue bei hiyo ndogo inalipwa na nani. Dampo la Keele Valley, lililokuwa likipokea taka za Toronto, lilifungwa mwisho wa mwaka 2002. Baada ya hapo, hadi mwisho wa 2010, malori yalikuwa yakibeba taka za mji huu na kuvuka nazo mpaka hadi Michigan, Marekani. Mwaka 2007 jiji lilinunua dampo la Green Lane, kusini-magharibi ya mji wa London, Ontario, safari ya kilomita 200 hivi kutoka hapa. Majirani wa dampo hilo ni pamoja na wenyeji wa asili wa taifa la Oneida, ambao wamelalamikia harufu yake kwa miaka mingi. Sisi tuliotoka nchi zilizotawaliwa, tunaojua maana ya kuamuliwa na mtu wa mbali, tunapeleka uvundo wa majani yetu kwa watu walioporwa ardhi kabla yetu. Jambo hili halitufai, na halitupendezi.

Tena majani hayaozi popote kwa namna moja. Yakikaa mahali penye hewa, wadudu na vijidudu huyala na kuyageuza udongo. Yakifukiwa chini ya dampo, yakikosa hewa, hutoa gesi ya methani, ambayo kwa kipimo cha miaka 100 hulitia dunia joto zaidi ya mara 25 kuliko uzito ule ule wa hewa ukaa. Jani ni lile lile; tofauti ni mahali tulipolitupa.

Na kutupa kwenye bonde je? Wapo wanaosema, si majani tu, yataoza huko huko msituni. Si majani tu. Ndani ya mzigo huo mna mbegu na mizizi ya mimea ya mapambo iliyoletwa kutoka mabara mengine, nayo ikishika bondeni huwasonga wenyeji wake. Isitoshe, ni kuvunja sheria.

Kinachotuudhi zaidi ni kwamba elimu hii hatukuja kuisoma Kanada. Wamatengo wa Mbinga hukata nyasi, wakazipanga miraba miraba mlimani, kisha wakachimba udongo wa katikati na kuzifunika. Mashimo hayo huitwa ngoro: nyasi zinaoza na kuwa mbolea, maji ya mvua yanatuama, na mteremko hauporomoki. Wahaya wamebeba nyasi kutoka rweya vizazi na vizazi kuja kutandaza chini ya migomba ya kibanja. Mchaga katika kihamba chake hatupi jani la mgomba. Litakwenda kwa mbuzi au litarudi shinani. Bibi zetu hawakuwa na gari lenye picha ya jani. Walikuwa na lundo nyuma ya nyumba, na lundo lile lilitulisha. Mtoto wa watu hao anapofika Toronto akaona aibu kuwa na lundo la majani uani, tuseme ni maendeleo au ni usahaulifu?

Tunajua majibu tutakayopewa. La kwanza ni kwamba majirani watanung'unika. Kanuni ya jiji inakataza nyasi kuzidi sentimita 20. Haimkatazi mtu kutandaza majani yaliyosagwa chini ya maua yake. La pili ni panya. Panya hufuata ugali na mifupa, navyo vina pipa lake la kijani; majani makavu na nyasi hayana cha kumshibisha. La tatu ni kwamba mteja hataki kulipa zaidi. Hili ndilo lenye uzito, na tunalijibu hivi: kazi iliyofanywa sawasawa inapunguza mzigo. Nyasi zilizokatwa ziachwe pale pale zilipoanguka. Jiji lenyewe halizipokei kwenye mifuko ya majani. Majani ya miti yapitiwe na mashine mara mbili, yasagike, yabaki kwenye nyasi au yatandazwe chini ya ua. Yatakayozidi yarundikwe pembeni, makavu yakichanganywa na mabichi, yapate unyevu kiasi na kugeuzwa mara kwa mara. Kisichobebwa hakilipiwi petroli wala ada ya kituo.

Kwa hiyo tunawaomba wenye nyumba: kabla ya kuuliza bei, ulizeni mzigo utakwenda wapi, na mwisho wa msimu ombeni kuona risiti za kituo. Asiyeweza kuzionyesha, wala kuwaonyesha lundo lake, msimwite tena, hata kama ni shemeji. Na nyinyi vijana wetu mnaofanya kazi hii juani na kwenye baridi ya Novemba, msikubali kushindana kwa bei na mtu anayemwaga taka mtoni. Wekeni lundo, mpeni mteja mboji yake Mei, na mtozeni haki yenu. Atakayeonja udongo aliotengenezewa na majani ya ua wake hatarudi dukani kununua mfuko.

Mtaka cha uvunguni sharti ainame. Cha uvunguni hapa ni udongo mwema, nasi tumezoea kusimama wima tukiwaita wengine waje watuondolee.