Nilipeleka bahari saluni, ikamwagika!

Wiki hii sina habari za disko wala za mapenzi. Nina habari ya maji ya chumvi, na nusura yamtoe mtu roho.

Ilianza hivi. Sista mmoja mwenye saluni pale Ipembe, mjini Singida, alikwenda Dar akaona hotelini tangi la samaki wa baharini. Akarudi kadata. "Mdogo wangu, wewe si mjanja wa ufundi? Nitengenezee kama lile." Akanitoa advansi. Mimi na kuchacha kwangu nikaitikia palepale, ingawa tangu nizaliwe nimewahi kufuga kuku tu.

Nikawaza njia ya mteremko. Ziwa Singidani lina chumvi, Kindai lina chumvi, yote yako mlangoni. Bahari ya nini? Mwalimu wangu wa zamani wa baiolojia akacheka hadi akashika mbavu. Akaniambia chumvi ya maziwa yetu ina magadi, siyo ile ya bahari, na samaki wa pwani ukimtia humo umemzika. Chumvi ya mezani nayo haitoshi, maana lita moja ya bahari ina kama gramu 35 za chumvi za aina nyingi, kalsiamu na magnesiamu zikiwemo.

Basi nikaagiza bahari yenyewe. Madumu 13 yakapanda basi kutoka Dar, safari ya kilomita kama 700. Konda akauliza, "Kwani Singida mmekaukiwa kiasi hiki?"

Mpango wa mabomba ni huu. Tangi la juu lina tundu karibu na ukingo. Maji yakizidi yanaporomoka kwa bomba hadi tangi la chini, lililofichwa kabatini. Humo yanapita kwenye sponji inayonasa uchafu, kisha kwenye vipande vya mawe vyenye matundu. Hapo ndipo wanapokaa bakteria wanaokula sumu ya kinyesi cha samaki na kuigeuza kitu chenye madhara madogo. Mwisho pampu inayasukuma juu tena. Mabomba yote ni ya plastiki. Koki za shaba usiguse, shaba ni sumu kwa kamba na matumbawe.

Nikawasha. Mambo yakawa bomba. Wateja wakasahau hata nywele zao. Mwalimu akanionya nisilete samaki kwanza, bakteria wanataka wiki nne hadi sita wazaliane. Nashukuru nilimsikia.

Usiku wa tatu umeme ukakatika. Saa kumi na mbili asubuhi sista akanigongea geto: "Njoo uone bahari yako!" Kufika, sakafu nzima ni maji. Binti wa saluni kavua viatu, deki mkononi, anataka kuingia. Mimi jicho langu kwenye ekstensheni. Imelala chini, maji yameifunika, taa yake nyekundu inawaka. Umeme ulikuwa umerudi! Nikamvuta yule binti mkono hadi tukaanguka nje wote wawili, kisha nikakimbilia swichi kubwa.

Kosa lilikuwa langu, asilimia mia. Mdomo wa bomba la kurudishia maji niliuzamisha sentimita 15. Pampu ilipozimika, bomba lilelile likageuka mrija na kunyonya maji kurudi chini hadi mdomo ulipokuta hewa. Tangi lina urefu wa mita 1 na upana wa nusu mita. Piga hesabu, ni lita 75. Tangi la chini lilikuwa na nafasi ya lita 10. Lita 65 zikaenda sakafuni. Umeme uliporudi, pampu ikamaliza maji ya chini, ikanguruma kavu hadi ikaungua.

Advansi yote ikaishia kwenye pampu mpya. Safari hii mdomo wa bomba uko chini kidogo tu ya uso wa maji, na nimetoboa kitundu cha kuvuta hewa. Ekstensheni iko juu ukutani, na waya unaning'inia chini ya soketi kwanza ili tone lidondoke kabla ya kufika kwenye umeme. Tangi la chini nimelichora mstari kwa rangi ya kucha, maji yasipite hapo. Yakipungua kwa huu upepo wetu naongeza maji baridi, kwa kuwa chumvi haipai.

Na wewe unayetaka kumfurahisha demu kwa tangi la samaki, kabla hujajisifu zima pampu mwenyewe, mchana, ukiwa umesimama hapohapo. Kama sakafu ni kavu, wewe fundi.

Yule binti bado ananiita "Bahari". Nacheka naye, lakini kila nikiingia saluni macho yangu yanaanzia kwenye miguu yake. Siku hizi anavaa viatu.

Tukutane wiki ijayo, panapo majaliwa.