Haki ya Tumbusi Katika Mji wa Orchha

Kandokando ya mto Betwa, katika jimbo la Madhya Pradesh nchini India, umesimama mji mdogo wa Orchha, ulioasisiwa mwaka 1531 na Rudra Pratap Singh wa ukoo wa Bundela, ukawa makao makuu ya dola yao kwa zaidi ya karne mbili, hata mwaka 1783 wafalme walipohamisha makao yao kwenda Tikamgarh, wakayaacha makasri, mahekalu na kuba za ukumbusho kwa jua, mvua na msitu. Kuachwa huko, waama, ndiko kulikousitiri, kwani hapakuwa na mtawala wa kuyabomoa ya kale ili ajenge mapya. Tangu mwaka 2019 India imeuweka katika orodha ya mahali inapotaraji kupapendekeza kwa UNESCO, na kila dalili ya heshima hiyo huvuta wageni. Basi ni wajibu kuuliza mapema ni utalii wa namna gani utakaoufaa mji huu.

Wenye kupanga mambo ya utalii wana mazoea ya kuyatenga majengo na viumbe: mawe yakawa kazi ya idara ya mambo ya kale, miti na wanyama wakawa kazi ya idara ya misitu. Katika Orchha mgawanyo huo hauna msingi. Ukingoni mwa mto zimejipanga chhatri, nyumba za ukumbusho zenye minara mirefu, ambazo hazina maiti ndani yake kwa kuwa wafalme wale walichomwa kwa desturi ya Kihindu. Na juu ya vibaraza vya minara hiyo hutaga tumbusi wa India mwenye mdomo mrefu. Ukiinua macho utaona kinyesi cheupe kilichochirizika juu ya jiwe, na vijiti vya tundu vimechomoza ukingoni. Mpenda picha safi atadhani ni uchafu wa kusuguliwa, ilhali ni alama ya kiumbe ambaye tangu mwanzo wa miaka ya 1990 idadi yake nchini India imepungua kwa zaidi ya asilimia 95.

Sababu ya msiba huo inajulikana. Ng'ombe aliyetibiwa maumivu kwa diklofenaki akifa, mzoga wake hubaki na dawa, na tumbusi aulaye huharibika figo akafa. India iliipiga marufuku dawa hiyo kwa mifugo mwaka 2006, na badala yake ipo meloksikamu isiyomdhuru ndege. Lakini sheria ya Delhi haifiki yenyewe zizini, na aamuaye sindano ipi anunue ni mfugaji. Fauka ya hayo, tumbusi hutaga yai moja tu kwa mwaka, na sehemu ya hifadhi ya Panna, maskani yake nyingine katika jimbo hilohilo, itazamishwa na bwawa la Daudhan.

Wapo wasemao kwamba binadamu hutangulia ndege, nao wana hoja nzito, kwa maana si insafu kumwambia maskini amlinde tumbusi kwa ajili ya starehe ya mpita njia. Walakini hoja hiyo ndiyo hasa inayoipinga hoteli kubwa, ambayo aghalabu faida yake huhama pamoja na mwenye mtaji. Katika kijiji cha Ganj, jirani na mji, zipo kaya zinazompokea mgeni nyumbani, akala chapati na dengu za mwenyeji, akamlipa mkononi. Mwenyeji huyo huyo ana ng'ombe, au jirani yake anaye. Akiona riziki yake imefungamana na ndege walio minarani, atakuwa mlinzi wao bora kuliko askari yeyote wa msitu.

Limebaki jambo la majira. Tumbusi hutaga na kulea kinda tangu Novemba hadi Machi, na miezi hiyo ya baridi ndiyo pia wageni wanapofurika. Taa kali zinazoelekezwa minarani, ngoma za usiku na ndege zisizo na rubani za wapiga picha hazistahili kuruhusiwa karibu na chhatri wakati huo. Ukarabati wa chokaa, ambao hapana shaka unahitajika, usubiri makinda waruke.

Mahujaji, walio wengi kuliko watalii, hawana haja ya taa hizo. Wao huja kwa Ram Raja, hekalu ambamo Rama huabudiwa kama mfalme na askari humpigia saluti. Kwa hiyo serikali ya Madhya Pradesh haitapoteza wageni wake ikitunga masharti haya sasa, kabla UNESCO haijaamua: kimya na giza kwenye chhatri wakati wa kulea, maji machafu ya hoteli yasiingie Betwa, na fungu la kiingilio cha makasri limlipe mganga wa mifugo vijijini, aliye na dawa isiyoua ndege.