Biashara Ndogo za Dodoma na Orodha za Bure za Mtandaoni

Mgeni anayefika Dodoma leo akitafuta fundi cherehani au duka la dawa ana njia mbili za kuuliza. Anaweza kumwuliza dereva wa bodaboda, naye ataambiwa ashuke penye mbuyu, apite nyuma ya msikiti, kisha aulize tena. Au anaweza kuiuliza simu yake. Njia ya kwanza haistahili kudharauliwa, maana mbuyu hauhitaji kifurushi. Lakini tangu serikali ilipoanza kuhamia hapa kwa dhati mwaka 2016, mji umejaa watu ambao hawakukulia hapa na hawaujui mbuyu huo. Hao huitazama simu kwanza, na duka lisilokuwemo ndani ya simu, kwao ni kama halipo.

Kuna orodha ambazo humruhusu mwenye biashara kuandika jina la duka lake, mahali lilipo, saa za kufungua na namba ya simu bila kulipa hata senti moja. Rai yangu ni kwamba kazi ya kuwasaidia mama lishe, mafundi na wauza mafuta ya alizeti kujiandikisha humo yafaa ifanywe na wanafunzi wa sekondari wakiongozwa na walimu wao wa jiografia. Najua baadhi ya walimu watasema kuwa hiyo ni biashara, si sayansi. Nawaomba wavumilie kidogo.

Yafaa tukumbuke kwanza jinsi mji huu ulivyopata anwani zake. Uamuzi wa kuufanya Dodoma kuwa makao makuu ulifanywa mwaka 1973, na ramani kuu ya mji ikatolewa mwaka 1976. Kwa miaka mingi mahali palitajwa kwa namba ya kiwanja na kitalu, chini ya Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu, iliyovunjwa mwaka 2017. Lugha hiyo ilimfaa afisa ardhi. Mteja wa maandazi haikumsaidia kitu. Barua nazo ziliishia kwenye sanduku la posta, si mlangoni. Ni mwaka 2022, kabla ya Sensa ya mwezi wa Agosti, ndipo operesheni ya Anwani za Makazi ilipozipa barabara majina na nyumba namba nchini kote. Kwa hiyo leo muuza duka wa Nkuhungu au Chang'ombe anaweza kuandika anwani inayosomeka. Hatua hiyo ni kubwa, nami nashangaa kuona maduka mengi ambayo kibao cha namba kimepigiliwa mlangoni, lakini mwenyewe hajui kimeandikwa nini.

Sasa tuje kwenye sayansi yenyewe. Orodha ya mtandaoni husimama juu ya namba mbili, yaani latitudo na longitudo. Kwa Dodoma namba hizo ni takriban -6.17 na 35.74. Alama ya kutoa huonyesha kwamba tuko kusini mwa Ikweta. Mwanafunzi akiisahau, duka lake litaruka hadi kusini-magharibi mwa Ethiopia. Akiibakiza lakini akabadilisha mpangilio wa namba zenyewe, duka litazama katika bahari ya Atlantiki, magharibi kidogo ya Tangier, Moroko. Mfano huu hufunza zaidi kuliko mchoro wa tufe ubaoni, kwa kuwa duka ni la mtu anayefahamika.

Tuendelee. Nyuzi moja ya latitudo ni kama kilomita 111 juu ya ardhi, na kwa kuwa tuko karibu na Ikweta, nyuzi moja ya longitudo hapa inakaribia kuwa sawa nayo. Basi tarakimu ya tatu baada ya nukta ni kama mita 111, ya nne ni mita 11, na ya tano ni zaidi kidogo ya mita moja. Simu huweza kuonyesha tarakimu saba, na wanafunzi huzinakili zote kwa furaha. La hasha! Simu ya kawaida inayopokea ishara za setilaiti mahali pa wazi hukosea kwa takriban mita 5, na chini ya bati au kati ya kuta ndefu hukosea zaidi. Tarakimu za sita na saba hazina maana yoyote. Hapo mwalimu amepata somo zima juu ya tofauti kati ya namba ndefu na kipimo sahihi, tena bila maabara.

Orodha zenyewe si za aina moja. Iliyo maarufu ni ile ya Google, ambayo humtaka mwenye biashara athibitishe kwamba kweli ni yake, kwa simu, kwa barua pepe au kwa video. Ya pili ni OpenStreetMap, iliyoanzishwa Uingereza mwaka 2004, ambayo mtu yeyote anaweza kuichora, kuisahihisha na kuitumia. Wanafunzi wa vyuo vyetu waliitumia Dar es Salaam kuanzia mwaka 2015, katika mradi wa Ramani Huria, kuchora mitaa inayokumbwa na mafuriko. Mimi nashauri duka liandikwe katika zote mbili. Ya kwanza ndiyo wateja wengi hutazama, lakini ni daftari la kampuni, na kampuni hubadilisha kanuni zake inapopenda.

Majina yaandikwe kama wenyeji wanavyoyatamka. Wazee husimulia kwamba jina Dodoma lilitokana na Idodomya, neno la Kigogo lenye maana ya kudidimia, kwa ajili ya tembo aliyezama matopeni. Wageni waliliandika walivyolisikia, na tahajia yao ndiyo tunayoitumia hadi leo. Kosa likishaingia katika ramani hunakiliwa na kila anayekuja baadaye.

Jambo moja nalisisitiza kwa walimu. Mama anayepika maandazi nyumbani kwake akiandikwa katika orodha, nyumba yake na simu yake huonekana na watu asiowajua. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inatutaka tuwe waangalifu, lakini hata bila sheria, adabu yatutaka tubishe hodi, tueleze na tungoje jibu. Akikataa, mwanafunzi ashukuru na aende mlango wa pili.

Akikubali, akaunti ifunguliwe kwa barua pepe na simu ya mwenye duka, wala si ya mwanafunzi, kwani kijana huyo atamaliza Kidato cha Nne na kuondoka, pengine pamoja na nywila. Nywila iandikwe katika daftari la mwenye duka. Kisha kila muhula darasa lipite tena mtaani na orodha yake, lirekebishe saa zilizobadilika na kufuta maduka yaliyofungwa, ili mtu anayetafuta dawa ya mtoto saa 4 usiku asipelekwe kwenye mlango wenye kufuli.