NHL: Kijana wa miaka 18 anakuwa tayari lini kucheza na watu wazima?

Oktoba 9, 2025, mjini Pittsburgh, beki mmoja aliyetimiza miaka 18 mwezi mmoja tu nyuma aliingia barafuni na jezi ya New York Islanders. Jina lake ni Matthew Schaefer. Akatoa pasi ya bao usiku uleule. Siku mbili baadaye akafunga bao lake la kwanza mbele ya mashabiki wa nyumbani.

Ukiangalia makaratasi, kijana huyu hakutakiwa kuwa tayari. Msimu uliotangulia alicheza mechi 17 tu na timu yake ya vijana, Erie Otters. Kwanza aliugua, kisha Desemba 2024 akavunjika mfupa wa mtulinga kwenye mashindano ya dunia ya vijana. Na kama angezaliwa siku 11 baadaye, asingeruhusiwa hata kuchaguliwa mwaka huo.

Islanders walimchukua wa kwanza, wakampanga, na kocha akampa wastani wa zaidi ya dakika 20 kwa mechi. Kwa beki wa miaka 18 hizo ni dakika nyingi mno.

Basi kila shabiki mwenye timu mbovu sasa anauliza: kama Schaefer ameweza, kwa nini kijana wetu anasubirishwa?

Swali ni la haki. Jibu lake ni gumu kidogo, na sehemu yake haina uhusiano na kipaji hata chembe.

Kwanza, utaratibu wenyewe

Ligi ya NHL, yaani hoki ya barafuni ya Marekani na Kanada, ina timu 32. Kila mwaka zinagawana vijana kwa drafti. Si ile drafti ya vizibo vya soda kijiweni. Hii ni foleni ya kuchagua wachezaji, na timu mbovu hupewa nafasi nzuri ya kuwa mbele. Kijana aliyefikisha miaka 18 kabla ya Septemba 16 ya mwaka huo anaweza kuchaguliwa.

Kuchaguliwa si kucheza. Wengi wanaochaguliwa hawagusi barafu ya NHL kwa miaka miwili, mitatu, au kabisa. Wanaoingia moja kwa moja wakiwa na miaka 18 huwa wachache sana, mara nyingi ni wale wa juu kabisa kwenye orodha.

Hapa ndipo mambo yanapokuwa tofauti na soka. Kwenye soka, kijana wa Chelsea asiyepata namba anatolewa kwa mkopo, anacheza ligi ya daraja la pili na wanaume wenye familia zao, anakomaa, anarudi.

Hoki nayo ina ligi ya namna hiyo. Inaitwa AHL, iko ngazi moja chini ya NHL, na wachezaji wengi mno wa NHL wamepitia huko. Lakini kijana aliyechaguliwa kutoka ligi kuu za vijana za Kanada, zinazojulikana kwa pamoja kama CHL, hakuruhusiwa kwenda AHL kabla ya kufikia umri wa miaka 20 au kumaliza misimu minne ya ligi za vijana. Alikuwa na milango miwili tu: acheze NHL, au arudi kucheza na watoto wenzake.

Sababu? Ni makubaliano ya NHL na CHL. Timu za vijana zinaishi kwa viingilio vya mashabiki wanaokuja kuwaona mastaa hao. Wakiondoka wote wakiwa na miaka 18, nani atakata tiketi?

Cha ajabu, mwenzake aliyechaguliwa kutoka Sweden au Finland angeweza kwenda AHL umri uleule. Yaani pasipoti ya klabu uliyotoka ndiyo iliyoamua, si miguu yako.

Mechi tisa za majaribio

Kuna kitu kingine ambacho mashabiki hukihesabu kwa vidole kila Oktoba: mechi ya kumi.

Mkataba wa kwanza wa kijana wa miaka 18 ni wa miaka mitatu, na mshahara wake una kikomo. Kwa waliochaguliwa mwaka 2024 na 2025, mshahara wa msingi haupiti dola 975,000 kwa mwaka, na bonasi huja juu yake. Kijana wa miaka 18 au 19 akicheza mechi tisa au pungufu, mwaka ule hauhesabiki. Mkataba unasogezwa mbele. Akicheza ya kumi, saa imeanza kugonga.

Kwa hiyo klabu inapomrudisha kijana baada ya mechi tisa, usikimbilie kusema hajui mpira. Inawezekana mhasibu ndiye aliyepiga filimbi.

Kuna pia mstari wa mechi 40. Akikaa kwenye kikosi kwa idadi hiyo, anahesabiwa msimu mmoja kuelekea uhuru wa kuchagua timu, na uhuru huo huja baada ya misimu saba au akifika miaka 27. Anayeanza na miaka 18 bila kukatiza anaweza kuwa huru akiwa na 25, yaani anaondoka wakati utamu ndiyo unakolea. Meneja mwenye akili analiona hilo kabla hata kocha hajaandika kikosi.

Mwili, na kichwa kilichoinama

Tuje uwanjani sasa. Kipaji cha kuchezea kile kisahani cheusi kwa fimbo, vijana hawa wanacho. Wengine wanawazidi wakubwa. Tatizo liko sehemu mbili.

Ya kwanza ni kugongwa. Connor Bedard, aliyechaguliwa wa kwanza na Chicago mwaka 2023, alikuwa na miaka 18 alipovunjwa taya Januari 2024 kwa kugongwa na beki wa New Jersey. Alirudi, akamaliza na pointi 61 kwenye mechi 68, akachukua tuzo ya mchezaji bora chipukizi. (Kwenye hoki, bao ni pointi moja na pasi ya bao ni pointi moja.) Kwa hiyo alikuwa tayari? Kwa kufunga, ndiyo. Taya lake lingeweza kukujibu tofauti.

Juraj Slafkovský ni mfano wangu wa pili, na ndio unaonikaa kichwani zaidi. Kutoka Slovakia, mrefu, kifua kipana; kwa umbo tu ungesema mtu mzima. Montreal ilimchukua wa kwanza mwaka 2022 ikampanga msimu huohuo. Shida ikawa alikuwa akikata barafu huku anaangalia chini, na mabeki wa NHL wakiona kichwa kimeinama hawaombi ruhusa. Mechi 39, pointi 10, kisha Januari akaumia goti, msimu ukaisha.

Ungemuuliza shabiki wa Montreal Februari 2023, angekwambia klabu imemharibu mtoto. Msimu uliofuata akafunga mabao 20, akafikisha pointi 50, na kiangazi cha 2024 akapewa mkataba wa miaka minane wenye thamani ya dola milioni 60.8.

Unaona ugumu wake? Mwaka mbaya haukumwua. Lakini je, ulimsaidia, au alifanikiwa licha ya huo mwaka? Hakuna anayeweza kurudisha saa nyuma apime.

Joe Thornton alipata pointi saba tu kwenye mechi 55 akiwa na miaka 18 huko Boston, akaja kumaliza na pointi 1,539. Jack Hughes alianza na pointi 21 kwenye mechi 61, na miaka mitatu baadaye akapata 99. Watu wa "mwacheni acheze" huanza na majina haya.

Tatizo ni kwamba majina haya ni ya walionusurika.

Wale wasiotajwa sana

Edmonton ilikuwa na bahati, au mkosi, ya kuchagua wa kwanza miaka mitatu mfululizo: 2010, 2011 na 2012. Vijana wote watatu waliingizwa kikosini wakiwa na miaka 18 au 19. Klabu haikuwa na wakubwa wa kutosha wa kuwabeba, ikaendelea kukosa mchujo wa ubingwa hadi 2017.

Wa tatu kati yao, Nail Yakupov, alianza kwa kishindo: mabao 17 kwenye mechi 48 za msimu uliofupishwa. Mtu yeyote angesema huyu yuko tayari. Kufikia 2018 alikuwa ameshaondoka NHL. Msimu mzuri wa kwanza nao si cheti.

Mwaka 2016 klabu hiyohiyo ikamchukua Jesse Puljujärvi wa nne. Alitoka Finland akiwa na miaka 18, na Kiingereza kilikuwa kinamsumbua. Mechi 28 NHL, bao moja, kisha akashushwa AHL. Akapandishwa, akashushwa. Mwaka 2019 alirudi zake Finland kucheza na klabu yake ya zamani.

Mimi huwa najiuliza kitu kidogo tu: mtoto huyu jioni alikuwa anakula na nani? Tunaongelea pointi na mishahara, lakini kijana wa miaka 18 kwenye mji wa baridi, lugha haipandi, kocha anakukaripia, simu nyumbani huko ni usiku wa manane. Islanders walilijua hilo: Schaefer, aliyempoteza mama yake kwa saratani mwaka 2024, aliwekwa aishi na familia ya Matt Martin, mchezaji wa zamani wa klabu. Hakuna takwimu ya jambo hilo, na kwangu lina uzito kuliko mazoezi ya kunyanyua vyuma.

Sehemu ya pili: bila kisahani

Makocha hawaangalii sana kijana anafanya nini akiwa na kisahani. Wanaangalia anachofanya akiwa hana. Anarudi kukaba? Anajua amfuate nani? Akibanwa ukutani na mtu wa miaka 30 anatoka nacho au ananyang'anywa?

Kwenye ligi za vijana kosa moja unalifukia kwa mbio. NHL kosa hilohilo ni bao, na baada ya bao hilo kocha anakukalisha benchi. Ukikaa benchi hujifunzi. Kijana anayecheza dakika nane kwa mechi, bila kuingizwa timu ikiwa na mtu mmoja zaidi, anarudi nyuma kimchezo hata kama akaunti yake inanona.

Kipimo changu ni hicho: dakika, si jezi. Kama klabu ina dakika 14 au 15 za maana za kumpa, abaki. Kama atakuwa wa kujaza nafasi, arudishwe, hata kama yeye na wakala wake watanuna. Kwa beki ningeongeza mwaka, na kwa kipa usiulize kabisa. Connor Hellebuyck, kipa wa Winnipeg aliyetwaa tuzo ya mchezaji bora wa ligi nzima mwaka 2025, alipitia chuo kikuu, akapitia AHL, na mechi yake ya kwanza NHL alidaka akiwa na miaka 22.

Wapo waliokataa haraka wakafaidi. Owen Power, beki aliyechaguliwa wa kwanza mwaka 2021, alisema hapana, akarudi Chuo Kikuu cha Michigan mwaka mzima. Alipoingia Buffalo alikuwa anacheza kama mkongwe, na msimu wake kamili wa kwanza ulimweka kwenye tatu bora za tuzo ya chipukizi. Moritz Seider wa Detroit alipitia AHL, akaenda Sweden, ndipo akaja NHL na kuichukua tuzo hiyo mwaka 2022.

Na ipo njia ya katikati. Anaheim walipompata Leo Carlsson mwaka 2023 walimpanga, lakini mwanzoni wakawa wanampumzisha baadhi ya mechi makusudi ili ajenge mwili. Mashabiki walilalamika wamekata tiketi na kijana hayupo. Alicheza mechi 55, akafikisha pointi 29, akamaliza msimu na miguu yake miwili.

Milango inaongezeka

Kuanzia Agosti 2025 vyuo vikuu vya Marekani vimeanza kupokea wachezaji waliopitia CHL; zamani walifungiwa kabisa. Gavin McKenna, aliyekuwa anatajwa sana kuelekea drafti ya 2026, aliondoka Medicine Hat akaenda Penn State, akacheze na vijana wa miaka 22 na 23 badala ya kuwaonea wa miaka 17.

Halafu kuna mkataba mpya kati ya NHL na wachezaji, unaoanza msimu wa 2026/27. Ndani yake wamekubaliana kulegeza lile katazo la AHL kwa wenye miaka 19.

Shane Wright angelihitaji hilo mapema. Seattle ilimchagua wa nne mwaka 2022, na msimu ule mmoja alicheza NHL mechi nane, akapenyezwa AHL kwa kisingizio cha kujiweka fiti, akaenda mashindano ya dunia ya vijana, akarudishwa ligi ya vijana, na huko nako akauzwa timu nyingine. Mwaka uliofuata ikabidi apewe ruhusa maalum kucheza AHL. Huko ndiko alikokomaa.

Ila msifurahie sana. Ruhusa mpya ni ya kijana mmoja tu wa miaka 19 kwa kila klabu kwa msimu, na mwenye 18 hakuguswa. Klabu yenye vijana wawili waliozidi ligi ya watoto na hawajafikia ya wakubwa itabidi imchague mmoja. Mwenzake atapanda basi kurudi alikotoka.