Jina la Nadar lilikuwa la nani?

Mwezi huu nataka tupumzike kidogo na yale yetu ya nani kamfumania nani, twende Paris, Ufaransa, miaka ya 1850, tukamtazame bwana mmoja aliyewapiga picha mastaa wakati kamera yenyewe ilikuwa bado kitu cha ajabu. Usifunue ukurasa mwingine ukidhani ni somo la historia. Humu ndani kuna bifu la ndugu wa damu, kuna ndoa iliyodumu miaka 54, na kuna swali ambalo ninyi mnaofungua biashara pamoja itabidi mlijibu wenyewe.

Bwana huyo aliitwa Gaspard-Félix Tournachon, mzaliwa wa Aprili 1820. Baba yake alikuwa mchapishaji wa vitabu aliyefilisika, akafariki mwaka 1837. Félix alikuwa na miaka 17 tu, na mzigo wa mama na mdogo wake Adrien ukamwangukia. Masomo ya udaktari yakaishia njiani. Akaingia kwenye magazeti, akawa anaandika na kuchora vikatuni, maisha ya kuungaunga pamoja na wasanii na waandishi wenzake. Washikaji zake walikuwa na mchezo wa kuchomeka "dar" mwishoni mwa maneno, basi Tournachon likageuka Tournadar, likakatwa likabaki Nadar. Ndiyo hivyo, jina lililokuja kung'ara Ulaya nzima lilizaliwa kijiweni. Lakini jina halilipi madeni, na mwaka 1850 alifungwa jela kwa sababu ya kudaiwa.

Mwaka 1854 ulikuwa mwaka wake. Kwanza alitoa mchoro mkubwa wa vikatuni vya waandishi karibu 250 wa Ufaransa, wamepanga foleni ndefu, kila mmoja na kichwa chake kikubwa. Mchoro ulisifiwa sana, ila mfukoni haukumwingizia kitu cha maana. Pili, mwezi Septemba alimwoa binti aitwaye Ernestine Lefèvre. Bwana harusi alikuwa na miaka 34, bibi harusi 18. Shika jina hilo la Ernestine, tutalirudia.

Mwaka huohuo Félix alimlipia mdogo wake Adrien akajifunze kupiga picha kwa Gustave Le Gray, fundi aliyeheshimika sana Paris. Kaka mtu alitaka dogo apate kazi ya kueleweka. Baadaye wakafanya kazi pamoja, na picha walizompiga mchekeshaji Charles Deburau zikapata medali kwenye maonyesho makubwa ya Paris ya mwaka 1855. Tatizo likaanzia hapo. Adrien alijiita "Nadar Mdogo", akaendelea kulitumia jina hilo hata baada ya wawili hao kuachana kikazi. Wateja wakawa hawajui Nadar yupi ni yupi. Wahenga walisema ndugu wakigombana chukua jembe ukalime, lakini hawa hawakugombana kwa maneno, walikwenda mahakamani. Kesi ilianza mwaka 1856, na Desemba 1857 Félix akashinda. Nadar akabaki mmoja.

Katika kujitetea alisema jambo ambalo wapiga picha wa leo wangelibandika ukutani. Alieleza kwamba nadharia ya kupiga picha mtu anaweza kufundishwa kwa saa moja, na hatua za mwanzo za ufundi kwa siku moja. Kisichofundishika, alisema, ni jicho la kuuona mwanga, na uwezo wa kumwelewa upesi mtu aliyekaa mbele yako.

Na kweli, hiyo ndiyo iliyokuwa siri yake. Enzi hizo picha ilipigwa kwenye kioo kilichopakwa dawa, na kioo kilitakiwa kipigwe na kusafishwa kabla dawa haijakauka. Mteja alilazimika kutulia tuli kwa sekunde kadhaa. Studio nyingi zilimweka katikati ya mapazia, nguzo za bandia na meza za kifahari, mpaka mtu akapotea kwenye vyombo. Nadar alifanya kinyume. Ukuta mtupu nyuma, koti jeusi, mwanga unaotoka upande mmoja, basi. Alikuwa na nywele nyekundu na mdomo usiochoka, anapiga stori na mteja mpaka ule uso wa kujikaza unaachia, hapo ndipo kamera inafanya kazi. Wengi walikuwa rafiki zake wa siku za njaa. Mshairi Charles Baudelaire, mwandishi George Sand, na Sarah Bernhardt, mwigizaji aliyepigwa picha mwaka 1864 hivi akiwa na miaka kama 20, amejifunika kitambaa tu, kabla dunia haijamjua. Ukiziangalia picha hizo leo, bado unahisi mtu amekaa mbele yako anataka kusema kitu.

Mwaka 1860 akahamia barabara ya Capucines namba 35, mtaa wa wenye nazo. Jengo zima akalifanya la kwake, na mbele akaandikisha jina NADAR kwa herufi kubwa nyekundu, kama saini yake mwenyewe. Ndani nako rangi nyekundu, na yeye mwenyewe alipenda kuvaa nyekundu. Mtu aliyewahi kufungwa kwa madeni sasa jina lake linasomeka kutoka ng'ambo ya barabara.

Sasa tumgeukie Ernestine. Nadar alikuwa mtu wa kupenda mambo mapya, akianza moja halijaisha kashika lingine. Mwaka 1858 alipanda kwenye puto na kupiga picha ya kwanza duniani kutoka angani. Akashuka na taa za umeme kwenye mitaro ya majitaka na mapango yenye mifupa ya wafu chini ya jiji la Paris, akapiga picha huko. Mwaka 1863 akatengeneza puto kubwa mno, lenye ujazo wa mita za ujazo 6,000, akaliita Le Géant, yaani Jitu. Alitaka watu walipe kiingilio kulitazama, ili apate fedha za kutafiti mashine za kuruka. Rafiki yake mwandishi Jules Verne aliguswa na wazimu huo kiasi kwamba katika riwaya yake ya safari ya mwezini ya mwaka 1865 alimweka mhusika aitwaye Ardan. Panga upya herufi za Ardan, utapata Nadar.

Safari ya pili ya puto hilo, Oktoba 1863, Ernestine alipanda pamoja na mumewe. Wakavuka mipaka usiku kucha mpaka Ujerumani. Kwenye kutua upepo ukawazidi nguvu, puto likawaburuta mashambani kilomita nyingi. Nadar alivunjika mguu, Ernestine naye aliumia. Jiulize, mpenzi msomaji, wewe ungepanda? Na ukishanusurika, ungerudi nyumbani ukafungue studio kesho yake?

Yeye alirudi. Kadiri Nadar alivyozidi kuzama kwenye maputo, mkewe ndiye aliyebeba uendeshaji wa studio. Puto lilikula fedha, studio ikazirudisha. Vita ya mwaka 1870 ilipofika na Paris ikazingirwa na majeshi ya Prussia, Nadar alijitosa kuandaa maputo ya kutoa barua nje ya jiji. Historia inamheshimu kwa hilo, lakini lilimwacha hana kitu. Ikabidi waliachie jengo la barabara ya Capucines. Mwaka 1874 wachoraji kama Monet, Renoir, Degas na Berthe Morisot walifanya maonyesho yao ya kwanza kwenye vyumba hivyohivyo, maonyesho yaliyobadilisha uchoraji duniani. Yeye alikuwa ameshahamia mtaa mwingine, kwenye studio ndogo zaidi.

Wanaofanya biashara na wenza wao wanaijua hali hii. Mmoja ana ndoto, mwingine ana daftari la mahesabu. Mmoja anahojiwa kwenye magazeti, mwingine anajua nani hajalipa. Hapa kwetu tunaliona kila siku, kibao cha duka kina jina la baba, ufunguo wa duka uko kwenye pindo la khanga la mama. Si vibaya kama wote mmeridhika. Ubaya unakuja pale mwenye jina anapoanza kuamini kwamba jina ndilo limeleta kila kitu.

Je, Nadar aliamini hivyo? Mimi nadhani jibu liko kwenye picha moja. Mwaka 1887 Ernestine alipatwa na kiharusi, kikamwacha amepooza. Mumewe alimhamishia nje ya jiji, kwenye nyumba iliyokuwa kando ya msitu wa Sénart. Karibu mwaka 1890 akampiga picha. Mama mwenye nywele nyeupe, amejitanda shali, anasogeza ua mdomoni kwa mkono wake, macho yametulia. Hakuna kujificha uzee wala ugonjwa, na hakuna kumwonea huruma. Ni picha ya mtu aliyetazamwa na mwenzake kwa zaidi ya miaka 30 na bado anatazamwa.

Mwaka 1980 mwanafikra Roland Barthes aliitaja picha hiyo katika kitabu chake kuwa mojawapo ya picha nzuri kabisa duniani. Lakini sikia hili, hakuwa na uhakika kama yule ni mama yake Nadar au mke wake. Mtu aliyeweka studio wazi wakati mwenye jina yuko mawinguni, sura yake inasifiwa, jina lake halijulikani! Ndiyo maana nikakwambia ulishike.

Nadar aliendelea kuhangaika. Studio ya Paris ilibaki kwa mtoto wao Paul, na mwaka 1897 mzee huyo mwenye miaka 77 alikwenda Marseille akafungua studio nyingine. Ernestine alifariki mwaka 1909. Nadar alimfuata Machi 1910, zikiwa zimebaki siku chache tu afikishe miaka 90.

Kwa hiyo, jina la Nadar lilikuwa la nani? Mahakama ilisema la Félix, na kwa Adrien ilikuwa sahihi, maana bila mipaka biashara ya ndugu huwa inamalizikia hivyo. Lakini hakuna mahakama iliyoulizwa habari za Ernestine, kwa sababu yeye hakudai.

Ushauri wangu ni huu. Kama mnajenga kitu pamoja, kaeni mezani mapema, mapenzi yakiwa bado yamoto, mkubaliane nani anamiliki nini, kisha muandike. Ukienda BRELA, jina la biashara linaweza kusajiliwa kwa mtu mmoja au kwa wabia, hakuna uchawi. Na zaidi ya karatasi, mtajeni mwenzenu mbele za watu angali mzima, anasikia. Usisubiri augue ndipo uitafute kamera.

Halafu siku moja, acha zile picha za kupozi mlizozoea. Mkalishe karibu na dirisha, ongea naye mpaka uso uachie, ndipo ubonyeze. Utashangaa hujamtazama vizuri tangu lini.

Tukutane mwezi ujao, panapo majaliwa.