Viwanja Tumejenga, Sasa Tuwajenge Wachezaji

Mwaka 1970, miaka sita baada ya Mapinduzi, Uwanja wa Amaan ulifunguliwa hapa Unguja baada ya kujengwa kwa msaada wa ndugu zetu wa Jamhuri ya Watu wa China. Wazee wanaokumbuka viwanja vya Mnazi Mmoja katika enzi za ukoloni, ambako wakubwa walikuwa na sehemu yao ya gofu na kriketi, wanajua maana ya siku ile. Mtoto wa Ng'ambo na mtoto wa shamba waliambiwa kwamba michezo nayo ni haki yao, na kwamba haki hiyo italindwa na Serikali yao wenyewe.

Uwanja huo sasa umejengwa upya na kufunguliwa Disemba 2023, na matunda yake tumeyaona. Mwezi wa Mei 2025 fainali ya pili ya Kombe la Shirikisho la Afrika, baina ya Simba na RS Berkane ya Morocco, ilichezwa Amaan. Agosti ya mwaka huo huo Senegal, Nigeria, Sudan na Congo zilikutana hapo hapo katika mashindano ya mataifa kwa wachezaji wa ligi za ndani. Kwa kisiwa chetu, hili si jambo dogo. Tunaipongeza Serikali bila ya kusita.

Lakini wahenga wamesema, mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Sifa zisitulaze. Hatuna budi kujiuliza swali moja lililo wazi: katika wote waliokimbia juu ya majani yale mazuri, wangapi walikuwa watoto wa Makunduchi, Donge, Jambiani na Kikwajuni? Uwanja mkubwa ni paa la nyumba. Msingi wa nyumba ni kiwanja cha shehia, mwalimu wa michezo katika skuli na mpira mzima mikononi mwa mtoto. Paa lisilo na msingi halisitiri mtu.

Kwamba vipaji tunavyo, hilo halina ubishi. Mwaka 1995 timu yetu ilitwaa Kombe la Chalenji la Afrika Mashariki na Kati huko Uganda. Mwaka 2017 ilifika fainali ya kombe hilo hilo nchini Kenya, ikashindwa na wenyeji kwa mikwaju ya penalti tu. Novemba 2023 vijana wetu walio chini ya umri wa miaka 15 walirudi kutoka Uganda wakiwa mabingwa wa kanda, na Januari 2025 timu yetu ilitwaa Kombe la Mapinduzi mbele ya wananchi wa Pemba katika uwanja wa Gombani. Ushindi unakuja, lakini unakuja kama mvua ya vuli, ambayo haina uhakika. Baina ya 1995 na 2017 imepita miaka 22. Nchi yenye mpango haisubiri muda wote huo ndipo isikie jina lake likitajwa katika fainali.

Ipo sababu nyingine inayoifanya kazi hii kuwa ya lazima kwa Serikali yetu kuliko kwa serikali nyingi za Afrika. Michezo si katika mambo ya Muungano, na kwa hivyo dhamana yake hapa Visiwani ni yetu wenyewe. Hata hivyo, katika Shirikisho la Mpira wa Miguu Duniani hatuna kiti. Machi 2017 Shirikisho la Afrika lilitupokea kuwa mwanachama kamili, watu wakashangilia Michenzani na Darajani. Ilipofika Julai ya mwaka ule uanachama huo ukafutwa, kwa hoja kwamba nchi moja haiwezi kuwa na vyama viwili. Katika mpango wake wa miaka 2023 hadi 2026, Shirikisho la Dunia lilitenga hadi dola milioni 8 za Kimarekani kwa kila chama mwanachama, kwa ajili ya kuendeleza mpira. Chochote cha kutufikia sisi kutoka huko hakina budi kupita kwanza katika mlango wa ndugu zetu wa Tanzania Bara. Madai yetu ya kiti tuyaendeleze kwa hoja na kwa udugu. Lakini mtoto aliye na umri wa miaka 10 leo hawezi kusubiri vikao. Mfuko ulio karibu naye ni mmoja tu, nao ni mfuko wa Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar.

Kwa hiyo tunasema, bajeti ya michezo inapofikishwa katika Baraza la Wawakilishi, iwe na fungu maalumu la skuli na shehia, ambalo halitaguswa kwa safari, kwa sherehe wala kwa ukarabati wa uwanja mkubwa. Uwanja wa Amaan ujitunze kwa mapato ya mechi na tamasha zake. Fungu la watoto litangazwe hadharani, wilaya kwa wilaya, ili kila sheha na kila mwalimu mkuu ajue stahiki yake na aweze kuuliza pale isipofika.

La pili ni ardhi. Nenda Jambiani au Nungwi wakati maji yametoka, utawaona vijana wakicheza mpira juu ya mchanga, na maji yakijaa mchezo umekwisha. Hiyo ni neema ya Mwenyezi Mungu, lakini si mpango wa maendeleo. Huku nyuma, viwanja vya wazi vinaliwa kidogo kidogo na nyumba, maduka na hoteli. Kila shehia iwe na kiwanja kilichopimwa, kilicho na hati na kisichoweza kuuzwa na mtu yeyote, awe mkubwa kiasi gani.

La tatu ni walimu. Tangu Mzee Abeid Amani Karume atangaze elimu bila malipo tarehe 23 Septemba 1964, skuli zetu zimekuwa kitovu cha michezo, na kila mwaka wanafunzi hushindana kwa kuikumbuka siku hiyo. Ni jambo zuri mno. Lakini mashindano ya wiki moja hayawezi kuchukua nafasi ya mwalimu aliyesomea kazi yake, mwenye saa zake katika ratiba, anayewafundisha wavulana na wasichana kwa nyakati na mazingira yanayolinda heshima yao. Msichana naye ana haki ya netiboli, riadha na mpira. Asinyimwe kwa sababu ya kukosekana ukuta wa kusitiri kiwanja.

Na tusifikiri kwamba michezo ni mpira wa miguu peke yake. Kila jioni pale Forodhani vijana wa Mji Mkongwe hujirusha baharini kwa madaha mbele ya wageni. Lakini wapo watoto wengi wa kisiwa hiki, na hasa wasichana, ambao hawajui kuogelea. Sisi ni watu wa bahari, na bado tunaibeba huzuni ya MV Spice Islander ya Septemba 2011 na MV Skagit ya Julai 2012. Hatusemi kwamba kuogelea kungaliwaokoa wote. Usalama wa vyombo ni jambo la kwanza. Tunasema kwamba kumfundisha mtoto wa kisiwani kuogelea ni kazi ya Serikali kama ilivyo kazi yake kumchanja.

Wapo watakaouliza kwa nini fedha hizi zisiende hospitali. Swali ni la haki. Jawabu letu ni kwamba kijana aliye uwanjani jioni hayupo maskani akivuta dawa za kulevya, na mwili uliozoea mazoezi hauji mapema hospitalini.

Mwisho, tujikosoe sisi wenyewe tuliopewa dhamana. Mara nyingi jezi na mipira huonekana kwa wingi pale uchaguzi unapokaribia, kisha vikombe hupotea pamoja na mabango. Tabia hii haifai. Tangu chuoni tumefunzwa kwamba mwili ni amana, na mali ya umma ni amana vile vile. Kombe la Mataifa ya Afrika la mwaka 2027 lilikabidhiwa kwa Tanzania, Kenya na Uganda, na ni sawa kujitayarisha nalo. Lakini matayarisho yaliyo makubwa zaidi ni ya mtoto anayeanza darasa la kwanza leo. Ukiona vyaelea, vimeundwa. Tuanze kuunda.